Mtoto asiache somo ambalo hajafundishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu siku ambayo watoto wetu wanaoingia kidato cha tatu huchagua masomo. Mimi ni fundi cherehani, nashona hapa Muheza, mkoani Tanga. Si mwalimu na sijawahi kukaa kwenye kikao cha wizara. Lakini siku hiyo ilipita nyumbani kwangu Januari 2022, na mpaka leo tunailipia.

Januari kwa fundi ndiyo mavuno. Ni mwezi wa sare. Mzazi analeta kitambaa Ijumaa, na Jumatatu asubuhi anataka mtoto awe mstarini amevaa. Jioni ile sketi za marinda zilikuwa zimejaa mezani, na kitinda mimba wangu akaingia kutoka shule. Akaniamkia, akakaa juu ya gunia la vitambaa, akasema, "Mama, leo tumechagua masomo. Mimi nimeacha fizikia." Nikamuuliza kwa nini. "Ngumu, Mama. Halafu wamesema itatushushia daraja." Nikamwambia, "Haya mwanangu, wewe ndiye unayesoma." Sikuinua hata uso. Mguu ulibaki kwenye pedali, nikaendelea na marinda.

Jinsi uchaguzi wenyewe ulivyokwenda nilikuja kusimuliwa baadaye, tulipokuwa tumeshakwama. Matokeo ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili yalikuwa yametoka. Mwalimu aliingia darasani na kauntabuku iliyochorwa safu tatu kwa rula: sayansi zote, sayansi bila fizikia, na sanaa. Kauntabuku ikazungushwa dawati kwa dawati. Mtoto anaandika jina lake kwenye safu anayoitaka, anampa mwenzake. Kipindi ni dakika 40, na kengele ilipolia ilikuwa imeshamaliza mzunguko na kurudi mezani. Watoto zaidi ya 80 walikuwa wameshajipanga. Kwenye safu ya sayansi zote kulikuwa na majina 9. Binti yangu aliandika la kwake safu ya katikati, kwa sababu rafiki yake wa dawati moja alikuwa ameandika hapo, na kwa sababu aliamini baiolojia na kemia zinamtosha mtu anayetaka kutibu watu. Alikuwa na miaka 15.

Na hamu ya kutibu watu haikuanza juzi. Tangu yuko darasa la tano alikuwa akimsindikiza dada yake kliniki, mtoto anapopelekwa kupimwa uzito. Alikuwa anajua kusoma ule mzani wa kuning'iniza kabla mama wa mtoto hajausoma, na nesi akishamzoea alikuwa anamwachia ataje kilo kwa sauti. Akirudi nyumbani anatueleza nani kaongezeka na nani kapungua. Sikuwahi kumsikia akitaja kazi nyingine.

Basi kidato cha nne akafanya Novemba 2023. Alipata daraja la tatu la pointi 23: baiolojia C, kemia D, Kiswahili B, na mengine. Kwetu ilikuwa furaha. Mwaka 2024 nikafunga safari naye mpaka chuo kimoja cha afya kuulizia utabibu. Kijana aliyekaa kwenye kompyuta alitupokea vizuri, akapitisha kidole kwenye karatasi ya matokeo kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu. "Mama," akasema, "baiolojia ipo, kemia ipo. Fizikia siioni." Nikamwambia hakuisoma. Akanyamaza kidogo, akanieleza kwamba anayeingia utabibu ngazi ya stashahada kwa cheti cha kidato cha nne lazima awe amefaulu kemia, baiolojia na fizikia. "Angekuwa na D tu, ningemjazia leo hii."

D ya kidato cha nne inaanzia alama 30 kati ya 100. Nilirudi Muheza nikiihesabu hiyo 30 njia nzima.

Sikilaumu chuo. Tabibu anapima presha, anasoma picha ya mionzi, anafunga mtungi wa oksijeni, na vyote hivyo vina fizikia ndani yake. Sharti ni la haki. Ninachouliza ni hili: mtoto wa miaka 15 alijuaje, siku ile kauntabuku ilipofika mbele yake, kwamba kalamu yake inafunga mlango wa chuo? Hakuna aliyemwambia. Mimi mama yake sikujua. Na aliyechora zile safu hakuandika chini ya kila safu kazi gani zinabaki na kazi gani zinaondoka.

Tuliporudi nilimwomba anitolee madaftari yake ya zamani. La fizikia lilikuwa bado jipya, pembe zake hazijajikunja. Nikakaa nalo mlangoni penye mwanga nikalipekua ukurasa mmoja mmoja, kama ninavyokagua nguo kabla mteja hajaja kuichukua. Lilianza Januari 2020, alipoingia kidato cha kwanza. Mwandiko mzuri, michoro imepakwa rangi. Katikati ya Machi linakatika, na hilo halina wa kulaumiwa, kwa maana shule zote nchini zilifungwa Machi 17 mwaka ule kwa ajili ya korona, zikafunguliwa Juni 29. Baada ya hapo kuna kurasa chache zenye sahihi ya wino mwekundu ya mwalimu wa mazoezi, aliyekuja kwa wiki kadhaa akarudi chuoni kwake. Kuanzia Oktoba 2020 mpaka Mei 2021 hakuna tarehe hata moja. Halafu inakuja sahihi ya tatu, ya kijana wa kujitolea ambaye sisi wazazi tulichangishana kumlipa, naye alipata ajira kwingine akaondoka. Nilihesabu. Kwa miaka miwili, kurasa zilizoandikwa ni 43.

Ukurasa wa mwisho ndio ulionikalisha kimya. Juu kabisa kuna kichwa cha somo, kwa Kiingereza kama yalivyo karibu masomo yote ya sekondari: mashine rahisi. Kimepigiwa mstari kwa rula, mara mbili. Chini yake hakuna neno. Mtoto aliandika kichwa, akasubiri, na mwalimu hakurudi tena.

Huyo ndiye aliyepata F ya fizikia kidato cha pili, na F hiyo ndiyo aliyoonyeshwa kuwa ushahidi kwamba somo limemshinda. Ndugu Mhariri, somo halikumshinda. Hakuwahi kulipata. Aliambiwa aamue kama anakipenda chakula ambacho hakikupakuliwa.

Nina mfano mwingine wa nyumba hii hii, na nauleta ili nisionekane nataka watoto wote walazimishwe sayansi. Kaka yake alichagua masomo Januari 2011, kidato kile kile, umri ule ule. Yeye alikwenda sanaa, akaacha fizikia na kemia, na hajajuta hata siku moja. Leo anafundisha historia. Lakini yeye alikuwa na mwalimu wa fizikia miaka yote miwili, mzee mmoja mkali ambaye hakukosa kipindi. Alilijua somo, akalionja mpaka mwisho, akaona si lake. Alijua anaacha nini. Binti yangu hakujua.

Kwa hiyo ninapoulizwa mtoto achague lini, jibu langu halianzi na kidato. Linaanza na kufundishwa. Asiache somo mpaka awe amelisoma mbele ya mwalimu kwa mwaka mzima usio na pengo, na kama shule haikuweza kumpa huo mwaka katika kidato cha kwanza na cha pili, basi uchaguzi wake usogezwe mpaka mwisho wa kidato cha tatu. Mwaka mmoja zaidi si mwingi ukilinganisha na miaka ambayo binti yangu amekaa nyumbani.

Na kuna jambo dogo ambalo halihitaji fedha. Kwenye ripoti ya kidato cha pili, pembeni ya alama ya kila somo, iandikwe idadi ya vipindi vilivyopangwa kwa mwaka na idadi ya vipindi vilivyofundishwa. Namba mbili tu. Mzazi anayeona F pembeni ya vipindi vyote vilivyofundishwa atazungumza na mwanawe kwa namna moja. Anayeona F pembeni ya robo ya vipindi atazungumza kwa namna nyingine, na atajua pia aende kuzungumza na nani. Mimi ningeiona ile ripoti, naamini mguu ungesimama kwenye pedali.

Jirani yangu mmoja ni mwalimu wa sekondari, na tumebishana sana kuhusu barua hii. Anasema, "Mama, ukiwabakiza wote kwenye fizikia mpaka kidato cha tatu, nani atawafundisha? Maabara itawatosha? Watoto mia kwa mwalimu mmoja, hata wale tisa wanaoitaka watakosa." Ana haki ya kusema hivyo, na sina jibu la kumnyamazisha. Shule za kata zilipoanza kujengwa kwa wingi kwa mpango wa mwaka 2004, ndipo watoto wa mafundi na wakulima kama sisi walipopata sekondari ya kwenda kwa miguu. Ada ilipoondolewa kidato cha kwanza mpaka cha nne mwaka 2016, wakaongezeka tena. Bila hayo mawili binti yangu asingefika hata kwenye hiyo kauntabuku, na nashukuru kwa moyo wote. Walimu wa sayansi hawakuongezeka kwa mwendo huo huo. Najua.

Ila nilimwambia jirani yangu hivi: kama kasoro ni upungufu wa walimu, iitwe upungufu wa walimu. Isiitwe chaguo la mtoto. Kauntabuku ile iligeuza pengo la shule likawa uamuzi wa binti yangu, kwa mwandiko wake mwenyewe, na leo hakuna wa kumdai. Ukiuliza utaambiwa, aliacha mwenyewe, jina lake hili hapa.

Halafu kuna hilo neno la "kushusha daraja". Kila mzazi wa mtoto wa sekondari amelisikia. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora tangu matokeo ya Januari 2023, na mimi niliona ni hatua njema. Hata hivyo hesabu ya wastani wa shule haijatoka vichwani mwetu, walimu na wazazi pia. Mtoto dhaifu akiacha somo gumu, wastani wa somo hilo unapanda. Shule inapumua. Mtoto hapumui, ila hilo linaonekana baada ya miaka mitatu, wakati ameshaondoka kwenye daftari la mahudhurio.

Serikali yenyewe imeshaonyesha kwamba kubadili inawezekana. Machi 2024 ilitangaza tahasusi za kidato cha tano, yaani mafungu ya masomo anayochagua mwanafunzi, zimefika 65, na wahitimu wa kidato cha nne wakapewa muda wa kuingia kwenye mfumo na kubadilisha machaguo yao baada ya kuona matokeo. Watoto wengi wa mtaa huu walifanya hivyo kwenye simu za mama zao. Nilifurahi. Lakini hizo tahasusi 65 zinasubiri mwisho wa njia, na aliyeacha somo kidato cha tatu ameshapoteza nyingi kati yake kabla hajazisikia majina. Kama mhitimu wa miaka 17 anaruhusiwa kubadili mawazo, wa miaka 15 kwa nini asiruhusiwe? Apewe muhula mmoja. Akigundua amekosea, arudi darasani, asiambiwe orodha imeshapelekwa.

Sasa niseme kuhusu wadogo, maana hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mikondo miwili tangu kidato cha kwanza, elimu ya jumla na elimu ya amali, yaani ya ufundi na kazi za mikono. Sina ugomvi na amali. Mimi mwenyewe ni mtoto wa amali, ingawa enzi zetu haikuitwa hivyo. Niliingia sekondari 1987, wakati shule bado zilikuwa na michepuo iliyotokana na Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Yangu ilikuwa ya sayansi kimu. Huko ndiko nilikofundishwa kukata kola, kupima bega, kuweka zipu isijikunje, na mkono huo ndio uliosomesha watoto wote wa nyumba hii. Anayesema ufundi ni wa walioshindwa aje akae kwenye benchi langu siku moja ya Januari.

Lakini tulisoma baiolojia na kemia na hesabu pamoja na kushona, na waliotaka kuendelea waliendelea. Mwenzangu niliyekuwa nalala naye bweni moja ni muuguzi. Cherehani haikumfungia njia. Hilo ndilo ninaloliombea amali ya sasa: mtoto akiingia humo asije akaambiwa kidato cha nne kwamba hakuwahi kuchagua kitu kingine. Tena kwa sisi tunaokaa mbali na mji mkubwa, mara nyingi shule ya karibu ndiyo inayomchagulia mtoto. Kama ina karakana ya useremala, basi yeye ni seremala.

Mjukuu wangu, yule aliyekuwa akipimwa kwenye mzani, na mdogo wake wanasoma hapa hapa. Mdogo alikuwa darasa la tatu mwaka 2024. Kwa mpango uliotangazwa, kundi lake litamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, pamoja na kundi la mwisho la darasa la saba. Atakuwa na miaka 12. Mama yake mdogo, huyu binti yangu, alishindwa kuchagua vizuri akiwa na 15, na yeye atasimama kwenye njia panda akiwa na 12. Ni mtoto anayefungua redio na kuirudishia skrubu zote, na wiki inayofuata anataka kuwa imamu. Watu wa mitaala nawaomba wamfikirie huyo wanapopanga: miaka miwili ya kwanza ya sekondari iwe ya kuonja pande zote mbili, karakana na maabara, kwa mikono yake, na kuhama mkondo kusiwe dhambi.

Binti yangu ana miaka 19 sasa. Amejiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, somo moja tu, fizikia, na atalifanya Novemba hii. Kila Jumamosi anapanda gari alfajiri kwenda Tanga mjini kwa tuisheni, kilomita 35 hivi, anarudi jioni na vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni. Siku nyingine tano ananisaidia kupiga pasi na kufunga vifungo.

Mwezi uliopita alirudi akachukua tepu yangu shingoni bila kuniomba, akapiga magoti chini ya cherehani. Akapima gurudumu la chini, lile linalozungushwa na pedali: sentimita 32. Akasimama akapima kigurudumu cha juu, pale mkanda unapopita: sentimita 8. Akaniambia, "Mama, kanyaga pole pole mpaka la chini lizunguke mara moja." Nikakanyaga. La juu likazunguka mara nne, tukihesabu wote wawili kwa sauti. Zamani, akiwa mdogo, aliwahi kuniuliza kwa nini sindano inakwenda mbio kuliko mguu wangu, nikamjibu kwamba ndivyo ilivyotengenezwa. Nimekaa kwenye hiki kiti zaidi ya miaka 30 na sikuwa na jibu jingine. Akaleta lile daftari la zamani, akafungua ukurasa wa mwisho, akaandika chini ya kichwa kile kilichopigiwa mistari miwili: 32 gawa kwa 8 ni 4. Akachora cherehani pembeni.

Kwa hiyo hakuwa mzito wa kuelewa. Alihitaji mtu amalizie ukurasa.

Mama wa yule mdogo nimeshamwambia. Mwaka wa kuchagua ukifika, anipigie kabla mtoto hajaandika jina popote. Hata kama ni Januari na sketi zimejaa mezani, nitasimamisha cherehani kwanza.

Wako,
Mama Fundi,
Muheza, Tanga.